Siku Makhanu Alipoita Bundi Mtoni

Mimi nikinuna, nanuna kabisa. Marehemu mama alikuwa akisema hata sufuria zinajua. Naweza kusonga ugali, nikampakulia mtu, nikakaa naye mezani tukala, na asisikie neno moja kutoka kwangu mpaka keshokutwa. Baba Shantel alizoea. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, alijua akiniudhi atanyamaziwa, na alijua dawa yake ni kungoja. Nayasema haya mapema nisije nikaonekana najificha nyuma ya mume wangu. Hadithi ni yake, lakini kosa mtajionea wenyewe ni la nani.

Mume wangu anaitwa Makhanu. Alizaliwa landi za reli hapa Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi, watoto saba kwenye chumba kimoja, baba yao akipaka grisi magurudumu ya mabehewa. Kwao ni Bungoma, ingawa Bungoma yenyewe wanaijua kwa mazishi tu. Alifanya kazi kiwanda cha blanketi mpaka kikafungwa, halafu akawa anaosha magari ya watalii kwenye lango la mbuga, pale ziwani. Huko ndiko alikojifunzia ndege. Hakuna mtu alimfundisha. Alikuwa anafuta kioo cha gari huku anasikiliza mwongoza wageni akisema huyu ni fulani, yule ni fulani, na sauti anaishika hapo hapo. Kanisani kwetu, Jeshi la Wokovu, yeye ndiye alikuwa tarumbeta ya kwanza, kwa hivyo mdomo alikuwa nao. Miaka mitatu haikuisha kabla hajaanza kuita ndege na ndege wakaja. Mimi nilidhani ni uongo wa wanaume, mpaka siku aliponiita nyuma ya nyumba akapiga mluzi na kandege kakatua kwenye kamba ya nguo, futi mbili kutoka pua yangu.

Ndege aliyependa kumwiga kuliko wote ni bundi. Si yule mkubwa wa kutisha watoto. Ni yule mdogo, wa kuenea kwenye kikombe, ambaye halii huu-huu bali anapiga mluzi: fiu, fiu, fiu, unapanda, unapanda, halafu mwisho unashuka mrefu mara mbili. Kazi ya huo mluzi ni hii. Ndege wadogo wanamchukia bundi kufa. Wakimsikia mchana wanatoka kila kichaka kuja kumtukana, na mgeni aliyetafuta ndege mmoja asubuhi nzima anaona kumi na watano kwa dakika mbili. Wengine siku hizi wanacheza sauti kwenye simu. Makhanu aliona hiyo ni aibu. Alitumia mdomo wake.

Lakini hebu jaribu kumwiga bundi mbele ya watu wetu! Bundi akilia juu ya nyumba, mtu anakufa, hiyo hata walokole wanajua. Mama mkwe alimrushia kiatu siku moja akamwuliza, "Wewe, unamwita nani?" Meja, mchungaji wetu kanisani, alimketisha ofisini akamwombea. Yeye alicheka tu, akasema bundi kwake ni kama spana kwa mekanika.

Ziwa lilipofurika likameza barabara na lango la zamani, wageni wakapungua. Tukanunua gari kuukuu, nikajifunza kuendesha, tukaanza kuwapeleka watu mbali zaidi: mimi usukani, yeye macho na masikio. Safari iliyopendwa sana ilikuwa ya mto. Unatoka Nakuru na giza, unapita Njoro, unapanda Keringet, unafika Olenguruone kwenye baridi ile ya kukunja vidole, halafu unaanza kuteremka upande wa pili mpaka unakutana na migunga na joto. Mto una jina lake kwenye ramani, lakini wanaokaa huko wanauita Mpakani tu, kwa sababu huku ni kaunti moja na ng'ambo ni nyingine, huku ni watu hawa na ng'ambo ni wale. Sitawataja. Ukiuliza nani alianza, kila upande utakwambia ni ule mwingine, na kila upande una zizi tupu la kukuonyesha.

Ng'ambo, hatua kama mia kutoka daraja la magogo, alikuwa akikaa bibi kizee tuliyemwita Gogo Chemutai. Alizaliwa huku, akaolewa ng'ambo, mume akafa, naye akabaki na mitamba wawili na kaburi la kuangalia. Huku walimwita mtu wa ng'ambo, na ng'ambo walimwita mtu wa huku. Sisi alitupokea kama watoto wake. Kila safari wageni walivuka wakanywa chai kwake, naye Gogo alimwita Makhanu "mtu wa ndege" mpaka nikafikiri hajui jina lake. Mwanawe, Kigen, alikuwa anachoma nyama kwenye bucha moja kule Kikopey. Nadhani sijawahi kukaa na mtu mpole kuliko yule mama.

Safari ninayoizungumzia ilikuwa mwezi wa pili, kiangazi kimekaza. Wageni walikuwa wawili, Lewis na mkewe Jackie, vijana wa Nairobi, ndoa ya mwaka mmoja, kofia zimefanana. Jackie alikuwa ameona ndege wa aina mia tatu tisini na tisa maishani mwake. Wa mia nne alitaka awe chozi mwenye mabawa ya dhahabu, kale kandege kenye mdomo uliopinda wa kufyonza maua. Nairobi nzima ya marafiki zake ilikuwa inangoja picha.

Mpaka Keringet hakukuwa na neno. Olenguruone ilikuwa siku ya soko, na soko lilikuwa nusu tupu. Nikashuka kununua mkate na sukari ya Gogo. Mama wa dukani akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia Mpakani.

"Leo?" akasema.

"Leo kuna nini?"

Akanipa chenji yangu, akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Sikupenda hata kidogo.

Tukateremka. Kilomita ya tatu au ya nne nikaona nyumba haina mabati. Kuta zimesimama, mlango umesimama, juu kweupe. Mbele kidogo, nyingine. Sasa nisikilizeni. Mimi nilikuwa darasa la saba tulipokimbia vita Molo, godoro kichwani, mdogo wangu mgongoni. Mabati nayajua. Mtu akiezua paa lake mwenyewe mchana, ni kwamba ameshajua nyumba itachomwa, na mabati ndicho kitu cha pekee anachoweza kuokoa.

"Baba Shantel," nikasema, "umeona hiyo nyumba?"

"Simama!" akasema.

Nikakanyaga breki.

"Juu ya mti mkavu ule. Lewis, kulia kwa tawi lililovunjika. Mwewe, na ana nyoka." Na wote watatu wakatoa vichwa dirishani, darubini machoni, Jackie akisema wow, wow.

Mimi niliona wanawake wawili wakipanda mlima na masanduku. Hawakutusalimia. Niliona shule, saa mbili na nusu ya asubuhi, siku ya Alhamisi, na uwanjani hakuna hata mtoto mmoja, mbwa tu. Wao waliona kwezi wa bluu, korongo mmoja wa mbali, sijui na nani. Kila niliponyoosha kidole chini, mume wangu alikuwa amenyoosha chake juu. Watu wa ndege ndio walivyo. Unaweza kubeba jeneza mbele yao wakakuuliza kama umeona kigong'ota.

Mara ya tatu nikasimamisha gari bila kuambiwa. "Turudi," nikasema. "Hapa hapako sawa. Watu wanahama."

"Wanahamia malisho. Ni kiangazi."

"Na paa wanapeleka malisho?"

Lewis akakohoa. Jackie akauliza kama kuna shida, mathe. Hapo ndipo Makhanu alipopandwa na mori. Hakuwa mtu wa hasira, lakini kuonekana hajui kazi yake mbele ya wageni kulimchoma.

"Mama Shantel, wewe endesha gari. Ndege niachie mimi, na wageni niachie mimi. Kazi yako ni usukani."

Mbele yao! Ati kazi yangu ni usukani! Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Haya," nikasema, nikatia gia. Na kutoka hapo sikumwambia neno.

Tulifika mtoni saa nne kasoro. Nikaegesha chini ya mgunga, wakashuka na mizigo yao ya kamera, wakaanza kunyemelea kando ya maji. Mimi nikachukua mkate na sukari nikavuka magogo kwenda kumsalimia Gogo. Nilimkuta anafunga magunia. Nguo zake zote, sufuria mbili, picha ya marehemu imefungwa ndani ya kanga.

"Nerima," akasema, na akanishika mikono yote miwili. "Mmekuja leo? Siku zote hizo, mkachagua leo?"

Akanieleza haraka, akiangalia mlango. Mtoto wa shemeji yake alikuja juzi kumwambia atoke. Vijana wa huku, upande tuliotokea sisi, walikuwa wamelala vichakani siku ya tatu, wanangoja ishara wavuke. Ishara ilikuwa imevuja, kwa hivyo hata vijana wa ng'ambo walikuwa juu ya kilima wanangoja ishara hiyo hiyo waje kukutana nao. Nyumba yake ilikuwa katikati kabisa.

"Gogo, panda gari twende sasa hivi."

"Na hawa?" Akaonyesha mitamba zizini. "Hawa ndio kila kitu nilichoachiwa. Kigen anakuja na pikapu ya bosi wake saa tisa, tunapakia kila kitu mara moja. Wakubwa wao bado wanabishana, wengine wanataka Jumamosi. Ni leo tu, Nerima. Leo ikae kimya mpaka saa tisa, basi."

Nikamwambia itakaa. Akaniangalia, akanivuta karibu.

"Ishara yao ni bundi," akasema. "Yule wa mluzi. Wamemchagua kwa sababu hakuna mtu wa hapa atamwiga kwa mchezo, hata mtoto, atachapwa. Mwambie mtu wa ndege leo asimwite. Aite wale wengine wote, huyo amwache. Utamwambia?"

"Namwambia sasa hivi."

Na nilikusudia, Mungu wangu ni shahidi. Nilivuka yale magogo karibu nikimbie. Niliwakuta hatua arobaini kutoka kwenye gari, wamechutama watatu, na mimi nikafungua mdomo. Makhanu, bila hata kugeuka, akaniinulia mkono. Nyamaza. Kwenye kazi yao hiyo ni ishara ya kawaida, anamwinulia kila mtu, hata mkuu wa mkoa angemwinulia. Lakini siku ile niliona mkono wa mtu aliyeniambia kazi yangu ni usukani, na sasa ananinyamazisha kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, sawa. Atakuja mwenyewe. Kila safari huwa ananiuliza, Gogo anaendeleaje? Aniulize kwanza, nitamwambia. Sitamfuata.

Nikarudi garini nikajimiminia chai. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kwa kufungwa, na kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu. Nilikaa pale kama dakika kumi nikinywa chai ya hasira, nikijua nilichokijua. Dakika kumi ni nyingi. Nimezipima mara nyingi tangu siku hiyo, kwa saa ya ukutani, jikoni.

Halafu nikasikia: fiu.

Nikashika mlango. Fiu, fiu. Kikombe kikaanguka, nikakimbia. Mluzi wake wote kutoka mwanzo hadi mwisho hauzidi sekunde kumi na tano, na mimi si msichana. Nilipomfikia ule mwisho mrefu ulikuwa unashuka.

Na ndege wakaja. Siwezi kuwadanganya, ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye kazi ile. Mgunga mzima ulijaa. Wa manjano, wa kijivu, wa kijani, wakirukaruka na kupiga kelele, wakimtafuta bundi ambaye hayupo. Na katikati, juu ya ua jekundu, yule chozi, mabawa kama yamepakwa shaba mpya. Kamera ya Lewis ikalia tratratra. Jackie alikuwa anabubujikwa na machozi, akisema kwa sauti ya chini, "Mia nne. Mia nne, babe."

Kutoka kilima cha nyuma yetu, bundi akajibu.

Makhanu akatabasamu. "Mmemsikia? Mwenye mluzi amejibu."

Akajibu mwingine, kushoto, karibu zaidi. Halafu wa tatu, chini kabisa, mahali mto unapopinda. Tabasamu la mume wangu likaisha polepole. Akavua kofia, jinsi alivyozoea akitaka kusikia vizuri, akainamisha kichwa. Ndege wote pale mtini wakatawanyika kwa pamoja, na kukawa kimya.

"Hawamalizii," akasema. "Bundi lazima amalizie, ashuke mara mbili. Hawa wanakata." Akanigeukia, na uso wake sijausahau. "Mama Shantel, hao si ndege. Hao ni watu."

Hapo ningeweza kumwambia. Nilichosema ni, "Gogo! Gogo yuko peke yake!"

Hakuuliza zaidi. "Peleka wageni juu, kwenye barabara. Usizime gari," akasema, na akakimbilia magogo, mtu wa miaka hamsini na moja, kofia mkononi.

Nikawasukuma wale watoto garini. Jackie alisahau begi, nikamfokea aliache. Nilipanda ule mlima kwa gia ya kwanza, mawe yanaruka, mpaka kwenye kona ya njia ambapo mto wote unaonekana chini, na hapo nikasimama. Tukashuka. Kulikuwa na moshi mmoja, upande wa ng'ambo, juu. Halafu mwingine.

Jackie ndiye aliyekuwa na darubini shingoni. Akaiweka machoni. Nilimwambia aniambie anachoona.

"Naona watu wanavuka maji. Wengi. Wana panga... mathe, wana mishale. Namwona mzee. Amefika kwa nyumba. Amemtoa. Amemshika mkono, wanakuja."

"Wanakuja darajani?"

"Wanakuja. Wako karibu na ule mti. Wanakuja, mathe, wamefika... Ameachilia mkono wake. Anarudi."

"Nani anarudi?"

"Huyo shosho. Anarudi kwa ng'ombe. Paa la zizi linawaka na yeye anaenda kufungua ng'ombe."

Nilimnyang'anya darubini. Sikuona kitu, ila majani na moshi na majani. Nilipopata mahali pale, nyasi za zizi zilikuwa zimeshaporomoka, na mtamba mmoja alikuwa anakimbia kando ya mto na kamba shingoni.

Makhanu alimtoa Gogo motoni, akampandisha mlimani mgongoni. Saa nzima na zaidi. Hakuna aliyemgusa, nadhani kila upande ulidhani ni mtu wake amebeba maiti. Lakini hakuwa maiti bado. Alikuwa anapumua, macho yamefumba, nywele zimeungua upande mmoja. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Jackie, na nikaendesha. Kabla ya Olenguruone tulikutana na Kigen, amewahi, saa saba na nusu, pikapu ina mbao za kupandishia ng'ombe. Akatupigia honi ya furaha alipotambua gari letu. Ilibidi nimsimamishe. Mama yake alimaliza safari kwenye ile pikapu, amelala juu ya gunia aliloleta kwa ajili ya mitamba, na hakufika hospitali.

Nyumba kumi na nne ziliungua siku ile, pande zote mbili. Kwenye mazishi wakubwa wa huku waliapa hawakutoa ishara. Wa ng'ambo wakasema mnadanganya, tuliisikia kwa masikio yetu. Ndipo Makhanu akasikia, amesimama kando ya kaburi na koti lake la Jeshi la Wokovu, kwamba ishara ilikuwa bundi. Nikamshika kiwiko.

Alirudi nyumbani akaweka tarumbeta juu ya kabati. Wageni walipiga simu, hakushika. Shantel alitoka chuoni kuja kumwona babake, akalia, akarudi. Asubuhi alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, na kandege kakilia alishtuka. Na kila siku aliniambia maneno yale yale. "Sikujua, Mama Shantel. Kama kuna mtu angeniambia tu. Neno moja. Hakuna mtu aliniambia." Na mimi nikamwekea uji, nikamwambia, "Hukujua, Baba Shantel. Mungu anajua hukujua." Sikuwa nimenuna tena. Nilikuwa naogopa. Nilimwona anakonda wiki baada ya wiki na niliogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa kumwona anaumia. Miezi saba.

Jumapili iliyopita Kigen alikuja. Tulikuwa tumetoka kanisani. Alileta nyama ya Kikopey, mbavu za mbuzi zimefungwa vizuri, akaniamkia kwa heshima, akakaa pale pale Makhanu alipomwonyesha. Alisema amechelewa kuja kushukuru. Alisema hatasahau kwamba kuna mtu alimbeba mama yake mgongoni wakati ndugu za baba yake walikuwa juu ya kilima wanatazama.

Makhanu alimwacha amalize. Halafu akasema, "Kijana wangu, usinishukuru. Ule mluzi ulikuwa wangu. Nilikuwa nawaitia wageni ndege. Sikujua. Hakuna mtu aliniambia."

Nilidhani Kigen atasimama. Hakusimama. Alitazama mikono yake, ile mikono yenye alama za moto wa kazi.

"Nilijua," akasema. "Nani mwingine anaweza kumwita bundi mchana? Sikuja kugombana, mzee. Kuna kitu kingine kinaninyima usingizi. Mama aliijua ile ishara. Binamu yangu alimwambia siku mbili kabla. Na aliwapenda, nyinyi. Alijua kazi yenu. Sasa najiuliza, aliwaona mmefika, na akanyamaza? Aliwaacha tu? Watu wa ng'ambo wanasema alitaka vita ili upande wenu, alikozaliwa, ushinde. Nimewapiga watu kwa ajili ya maneno hayo, lakini usiku nikiwa peke yangu sina jibu. Kwa nini hakuwaambia?"

Mume wangu akatikisa kichwa, macho yamejaa. "Sijui, mwanangu. Hata mimi najiuliza."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Ningeweza kurudi jikoni. Kigen angeenda zake Kikopey akiamini mama yake alikuwa mtu wa namna hiyo, na Makhanu angekaa kwenye kigoda chake, na mimi ningempikia uji. Nikaweka sinia chini sakafuni kwa sababu meza ilikuwa mbali.

"Alisema," nikasema. "Aliniambia mimi. Alinishika mikono akaniambia nimwambie mtu wa ndege asimwite bundi. Nikamwahidi. Sikumwambia."

Kigen akaniangalia. "Ulisahau?"

"Sikusahau. Baba Shantel alikuwa amenikemea njiani mbele ya wageni. Nilikuwa nimenuna, nikangoja aniulize kwanza."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani. Kigen alifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, kama mtu aliyepata kitu na kukipoteza kwa wakati mmoja, na nilisikia ndani ya kilio akimwita mama yake. Makhanu hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilingoja anipige, ingawa hajawahi. Nilingoja anitukane.

"Miezi saba," akasema. "Nerima."

Tangu Shantel azaliwe, mume wangu hakuwa ameniita jina langu hata siku moja.